Mafresha Kujeni Hapa: Mambo 8 ya Kujua Kabla Ulale Usiku wa Kwanza Hosteli

Barua ya chuo umeshaitoa kwa saiba. Mathee amepigia mashangazi wote simu, na kwa grupu ya familia ya WhatsApp kila mtu sai anakuita "daktari" na kozi yako ni ya ualimu. Hongera, msee wangu. Hiyo furaha umeitolea jasho, enjoy.

Sasa tuongee ukweli. Kwa hiyo barua kuna orodha ya vitu za kubeba, karo, na tarehe ya kuripoti. Haisemi vile utakaa na wageni watatu kwa rumu moja. Haisemi utafanya nini pesa ikiisha wiki ya tatu na HELB bado iko njiani. Hayo unaachiwa ujifunze mwenyewe, na kuna wasee hujifunza wakiwa wamechelewa.

Mimi ni mmoja wao. Niliingia chuo na nikatoka bila digrii, na haikuwa masomo, ju alama zangu zilikuwa fiti. Shida ilianza na kitanda. Nitakupea hiyo stori pole pole hapa chini, ndio wewe usilipe kujifunza kitu mimi nimeshalipia.

1. Kitanda kwanza, picha za geti baadaye

Kwa vyuo vingi vya umma, hosteli unabuku kwa potali ya wanafunzi ukitumia namba yako ya usajili. Vitanda ni vichache kuliko vichwa, so anayewahi ndiye hulala. Ni kweli vyuo vingi huwapa mafresha nafasi ya kwanza, lakini hiyo nafasi ukiikalia mwingine anaibeba. Siku potali ikifunguliwa, kuwa na bando na kuwa na pesa ya hosteli imekaa kando. Kubuku bila kulipa ni kama kuweka mawe kwa foleni ya maji: ukiondoka, mtu anayasukuma.

Lipa kwa Paybill ama akaunti ya benki ya chuo peke yake, ile imeandikwa kwa barua ama kwa potali. Usiwahi tuma pesa ya hosteli kwa namba ya simu ya mtu, hata kama amevaa kitambulisho cha chuo shingoni na anajua majina ya maleki wote.

Najua ju nilituma. Nilifika nimechelewa siku mbili, hosteli zimejaa, na sanduku langu liko nje ya ofisi kwa jua. Msee mmoja mtulivu akanikujia, akaniambia anajua mtu huko ndani, thao sita na ninalala leo. Hata risiti alinipea. Usiku nilipofika kwa hiyo rumu, kitanda kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na risiti ya ukweli. Namba ya yule jamaa ikawa haipatikani, na haijawahi patikana mpaka leo.

Hivo ndivyo nilikuwa "pirate". Kama hujui hilo jina, utalijua. Pirate ni msee analala kwa rumu ya wengine bila kuandikishwa, mara ameshare kitanda, mara yuko kwa godoro sakafuni, na asubuhi anatoka kabla msimamizi apite. Watu huichekelea lakini si maisha. Ukiibiwa huwezi lalamika, ju kwa karatasi wewe hauko. Msako ukikuja unalala nje, na yule rumeti alikuonea huruma naye anaitwa ofisini.

Ukikosa kabisa, kuna hosteli na bedsita za nje: Juja kwa watu wa JKUAT, Kahawa Wendani kwa watu wa KU, Njokerio kwa watu wa Egerton, Kefinco kwa watu wa Masinde Muliro. Hapo pia kuna sheria. Usilipe nyumba hujaingia ndani. Enda mchana, alafu rudi jioni ucheki vile hiyo njia inakaa giza likiingia. Uliza wapangaji, usiulize kearteka, maji hupotea siku ngapi kwa wiki. Na chochote unalipa, ikiwemo dipoziti, kiwe na karatasi.

2. Sanduku lisikuwe duka

Kuna mafresha hukuja na vitu kama wanahama nchi. Rumu yenyewe ni ya watu wawili mpaka wanne, na kabati ni ndogo. Kabla ununue godoro, soma barua yako vizuri. Hosteli nyingi za chuo zina kitanda na godoro tayari, za nje nyingi hazina.

Vitu hautajuta kubeba ni hizi: kufuli mbili nzito, ndoo ya kifuniko ju maji hupotea, beseni, patipati za bafu, shuka mbili, blanketi, sahani, kikombe, kijiko, tochi, na ekstensheni ya maana. Alafu cheki ramani. Kama unaenda Kesses ama Njoro, huko kuna baridi haichezi, beba sweta na blanketi ya pili. Kama ni Kilifi ama Maseno, neti ya mbu ndio rafiki yako wa kwanza.

Usiku wa kwanza, kabla utandike, inua godoro ucheki kona na mishono. Unatafuta vidoti vyeusi na wadudu wadogo wa kahawia. Ndio, kunguni. Si aibu na si uchafu wako, umewakuta. Anika godoro kwa jua, mwagia maji moto kwa vyuma vya kitanda, na uripoti kwa msimamizi siku hiyo hiyo kabla sanduku lako likuwe nyumba yao mpya.

Picha za vitu zilizovunjika pia piga: dirisha, kitasa, kabati, soketi. Siku ya kutoka utaulizwa nani alivunja, na hiyo picha yenye tarehe ndio itakujibu.

3. Fanya hesabu ya wiki sita, si ya wiki moja

Hapa ndio wengi huanguka. Unaingia chuo na pesa mingi kuliko umewahi shika maisha yako, na hakuna mtu anakuuliza ilienda wapi. Wiki ya kwanza ni kuku na chipo. Wiki ya tatu ni chai ya rangi.

Jua hii mapema: kwa mkopo wa HELB, sehemu ya karo huenda kwa chuo moja kwa moja, na ile ya matumizi ndio hukuja kwako. Ile ya kwanza mara mingi hukuja ukiwa umeshakaa shule wiki kadhaa. Usipangie pesa haijafika.

Tufanye hesabu. Tuseme baada ya kununua kila kitu umebaki na thao 12. Kwanza toa 1,500 ya nauli ya dharura, tutarudi kwa hiyo. Imebaki 10,500. Gawa kwa wiki sita, unapata 1,750 kwa wiki. Gawa kwa siku saba, hiyo ni soo mbili na finje kwa siku. Hiyo ndio mshahara wako. Msosi, sabuni, bando, fotokopi ya noti, zote ziko hapo ndani. Ukila kuku leo, kuna siku mbele umeshaikula.

Mbinu ni rahisi. Hiyo pesa usiiwache yote kwa M-Pesa ya kila siku. Iweke mahali ni ngumu kutoa, alafu kila Jumatatu ujitumie ya wiki. Chakula cha mesi kwa vyuo vingi ni cha bei ya chini kuliko kibanda, na kibanda ni bei ya chini kuliko kuletewa na nduthi. Mkichanga unga, mchele na maharagwe kama rumu, mtakula vizuri kuliko kila mtu na sufuria yake.

Fuliza si mshahara. Kubet si kazi ya mkono. Kila hosteli iko na msee alishinda thao 20 usiku mmoja, na hiyo stori utaiskia mpaka umalize chuo. Ile hutaskia ni vile alirudisha yote na zaidi kabla mwezi uishe.

Na HELB ni deni, lina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mimi sina digrii, lakini deni niko nalo. Hawaniulizi kama nilimaliza.

4. Rumeti: ongeeni sheria siku ya kwanza

Usiku wa kwanza kila mtu ako na adabu, anauliza "naeza zima taa?" Hiyo ndio wakati ya kuongea, ju mwezi wa pili mtakuwa mnaongea kwa hasira. Kaeni chini dakika ishirini mkubaliane: taa zinazimwa saa ngapi, muziki wa spika ni mpaka saa ngapi, nani anafagia siku gani, na chakula ni cha wote ama cha mwenyewe. Sukari na mafuta ndio huvunja urafiki mwingi huko, si wasichana na wavulana.

Alafu kuna exile. Hiyo ni rumeti akileta mgeni wake na wewe unaambiwa upotee masaa kadhaa, ama usiku mzima. Mara moja ni kusaidia rafiki. Kila wikendi ni kufukuzwa kwa nyumba umelipia. Semeni mapema: hakuna mgeni wa kulala bila kila mtu kukubali. Mara mingi sheria ya chuo iko upande wako, wageni wa kulala hawaruhusiwi.

Na hata mkiwa maboi wa damu, nywila ya simu, PIN na ATM haziko kwa urafiki.

5. Stima na mlango: hii si ya kucheka

Hosteli nyingi zinakataza koili, heta na koka za umeme. Kila mtu anajua, na bado saa kumi na mbili asubuhi koili ziko kwa ndoo kila rumu. Waya za jengo la zamani hazikujengwa kubeba hiyo mzigo yote. Ekstensheni moja ikibeba koili, pasi na chaja nne, inapata moto polepole na hautaona. Na koili ndani ya ndoo, ukishika maji kujua kama yameshika moto, unaweza enda nayo. Gesi ya meko chini ya kitanda cha deka, karibu na pazia, hata sihitaji kueleza.

Ingine ni njia ya kutoka. Tarehe 12 Aprili 2015, alfajiri, kulikuwa na mlipuko wa stima kwa hosteli ya Kimberly, Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilikuwa siku kumi tu baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 walikufa. Wanafunzi walidhani ni wao wamefikiwa. Wakakimbia kwa giza, wengine wakaruka kutoka ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakaumia.

So siku ya kwanza, kabla ya selfi, tembea hosteli yote. Ngazi ziko ngapi? Ule mlango wa nyuma hufunguka ama uko na kufuli? Kama umefungwa, nani ako na funguo, na usiku analala wapi? Ukipata mlango wa dharura umefungwa mnyororo, uliza na uandikie viongozi wenu wa wanafunzi. Usione haya. Hiyo ndio siasa ya maana zaidi utafanya chuo.

6. Wezi wa hosteli hawana sura ya wezi

Anayeiba lapi mara mingi si mtu ameruka ukuta. Ni msee amebisha, amekuta mlango wazi na wewe uko bafuni dakika tano. Akikukuta ndani anauliza, "Kevo yuko?" Akikosa mtu, anatembea na lapi.

Funga mlango hata ukienda kuosha kikombe. Funga kabati kwa kufuli yako, si ile umekuta. Bonyeza *#06# kwa simu, andika ile namba ya IMEI mahali kando, pamoja na serial namba iliyo chini ya lapi. Polisi watakuuliza hizo ukienda kuripoti. Kazi zako za shule weka nakala kwa barua pepe ama Google Drive, ju lapi inaweza nunuliwa tena lakini kazi ya mwezi mzima haiuzwi.

Na nguo za kamba? Jinzi mpya na viatu usiache zikilala nje. Anika ukiwa umekaa hapo na kitabu. Utasoma, na utabaki na jinzi.

7. Gold Rush, na vile kichwa kinakaa

Wiki za kwanza kuna kitu makomredi huita Gold Rush. Mafinalisti na wasee wa nje wanajaa geti wakitafuta mafresha, hasa madame. Ghafla kila mtu anataka kukuonyesha maktaba, kukununulia msosi, kukupeleka pati. Si kila mtu ni mbaya. Lakini mtu wa nia njema hatakuharakisha. Enda na rafiki, rudi na rafiki, kinywaji chako kikae mkononi mwako, na nauli ya kurudi iwe yako.

La ni la, hata kama alilipa. Na hii ni kwa machali pia: yeye akiwa amelewa ama amenyamaza, hiyo si ndio.

Mtu akilazimishwa, hiyo si kosa lake. Aende hospitali haraka, ndani ya masaa 72, ju dawa ya kuzuia HIV, ile PEP, inafaa ianzwe kabla hayo masaa yaishe, na mapema ni bora. Namba ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195.

Kuna upande mwingine watu hawaposti. Upweke. Uko kwa hosteli ya watu mia tatu na hakuna hata mmoja anajua jina lako. Shule ya sekondari kulikuwa na kengele ya kila kitu. Hapa unaweza lala siku tatu na hakuna mtu anabisha. Ukiona umeacha kula, umeacha klasi, hutaki kushika simu ya nyumbani, hiyo ni alama. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi iko na washauri, na vyuo vingi huduma hiyo ni bure. Kenya Red Cross wako na namba ya bure, 1199. Na kama ni rumeti wako amebadilika, wewe ndio kengele yake. Bisha.

8. Chuo kinaweza fungwa leo jioni

Kuna siku utaskia "Kamukunji!" ikiitwa kwa korido. Hiyo ni baraza ya wanafunzi. Mara ni mambo ya maji, mara ni karo, mara ni HELB. Kuenda kuskiza ni haki yako. Lakini mambo yakichafuka, seneti ya chuo inaweza kufunga na mkaambiwa mtoke hosteli kwa masaa machache. Siku hiyo kila mtu anatafuta gari, nauli inapanda, na betri ya simu iko asilimia tisa.

Ndio maana nilisema toa ile 1,500 kwanza. Kama kwenu ni Lodwar ama Mandera, ongeza. Hiyo pesa haina njaa, haina bethdei, haina pati. Ni ya kukufikisha nyumbani.

Na ile stori yangu?

Semesta ya pili nilipata kitanda. Mwaka wa pili HELB ikaingia, na mimi na boi yangu tukaamua hosteli ni za watoto. Tukachukua keja ya nje, tukanunua wufa kabla ya sufuria. Miezi mitatu baadaye boi akahama, kodi yote ikabaki yangu. Nikalipa kodi na pesa ya karo. Wakati wa mitihani balansi ilikuwa imenizidi na sikukubaliwa kuingia.

Hapo ndipo nilifanya kosa kubwa kuliko yote. Nilifunga sanduku nikaenda bila kuambia mtu. Nyumbani nikasema tuko likizo. Sikujua unaweza kuandika barua ya kuahirisha masomo rasmi na nafasi yako ikangoja. Sikuenda kwa mkuu wa wanafunzi kuuliza kama naweza lipa polepole, ama kama kuna kazi ya maktaba ama ya mesi. Sikuomba basari ya NG-CDF. Nilinyamaza ju niliona haya, na miezi ikawa miaka.

Thao sita ya yule jamaa niliisamehe kitambo. Ile sijawahi jisamehea ni kunyamaza.

So fresha, beba kufuli, beba ndoo, ficha nauli. Lakini mambo yakianza kuteleza, sema wiki ya kwanza ya shida, usingoje ya kumi. Ambia rumeti, ambia ofisi, ambia mathee. Atapiga kelele dakika kumi, alafu atauliza, "Sasa tunafanyaje?" Hilo swali la pili ndio mimi nilikosa, ju sikumpa nafasi aniulize.

Kila la heri, komredi. Na tafadhali, usiku wa kwanza, inua hilo godoro.